Saa Nane Mchana, Novemba

Picha ya kwanza ya Otto Modersohn niliyoiona ilikuwa imekatwa kwenye kalenda kuukuu na kubandikwa jikoni, juu ya jiko la kuni. Nyumba moja, maji, miti miwili mitatu, na mbingu iliyoinama hadi karibu kugusa paa. Yote rangi ya chai ya mkandaa. Nilidhani ni moshi umeiharibu. Nikamwuliza mwenye nyumba kwa nini huyu bwana alichora usiku.

Akaacha kumenya viazi. "Usiku? Hiyo ni saa nane mchana, Novemba. Ngoja mwezi ufike uone."

Ilikuwa Septemba 1978. Nilikuwa na miaka 23, mwanafunzi wa ufundi wa mitambo mjini Bremen, Ujerumani, na kila Jumamosi nilipanda basi kwenda Fischerhude kumpasulia kuni mama mmoja mjane aliyepita miaka sabini. Nilimwita Oma, yaani bibi. Kwao humwiti bibi wa watu hivyo, lakini mimi Mhaya wa Bukoba ningewezaje kumtaja mtu wa umri wa nyanya yangu kwa jina kavu la ukoo? Mara ya kwanza alishtuka. Baadaye nikisahau, alinuna.

Oma alimjua huyo mchoraji kwa macho. Alimkuta pale kijijini tangu utotoni mwake: mtu wa ndevu na miwani, kiko mdomoni, amesimama ukingoni mwa mto Wümme, ambao hapo Fischerhude hugawanyika vijito kadhaa. Watoto walimwendea kwa nyuma kuchungulia. Hakuwafukuza, wala hakugeuka. Oma alilisimulia hilo kwa namna ya malalamiko, kana kwamba bado alisubiri ageuke.

Modersohn hakuwa mwenyeji. Alizaliwa Soest mwaka 1865, na mwaka 1889 akaenda na Fritz Mackensen na Hans am Ende kijiji cha Worpswede, kaskazini ya Bremen, kupitisha majira ya joto. Wakanogewa, wakabaki. Wengine wakafuata, na kijiji kikawa cha wachoraji. Wenyeji walikuwa wakulima maskini waliokata Torf: udongo mweusi wa kinamasi, unaochongwa kama matofali, ukaanikwa, ukachomwa badala ya kuni. Mashua zenye matanga ya rangi nzito ziliubeba kwa mifereji na mto Hamme hadi Bremen. Oma alikuwa na fungu lake bandani, limebaki tangu enzi ya mumewe, na harufu yake ilinikumbusha shamba lililochomwa likanyeshewa mvua. Ilichukua vizazi vitatu, alisema, mtu wa kinamasi kula akashiba. Hakuelewa kwa nini watu waliosomea sanaa mjini walione hilo kuwa zuri.

Lakini waliliona. Mwaka 1895 walionyesha kazi zao Bremen wakachekwa. Mwaka huohuo wakazipeleka München, na hao waliochekwa wakasifiwa. Mackensen alipata medali ya dhahabu, na picha ya Modersohn ya dhoruba kinamasini ikanunuliwa kwa ajili ya jumba la sanaa la Neue Pinakothek.

Chuoni kwangu nilipotaja jina lake walijibu: aa, mume wa Paula. Na kweli, mwaka 1901 alimwoa Paula Becker, mchoraji mwenzake, mwaka mmoja tu baada ya kufiwa na mke wake wa kwanza. Paula alikufa Novemba 1907, siku 18 baada ya kujifungua binti, akiwa na miaka 31. Alipokuwa hai aliuza picha za kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1927 akajengewa makumbusho yake Bremen, mtaa wa Böttcherstraße, kwa fedha za Ludwig Roselius, mfanyabiashara wa kahawa. Baba yangu alilima kahawa. Siku niliyolijua hilo nilisimama mlangoni pa jengo lile nikacheka peke yangu.

Kwa Oma neno hilo la "mume wa Paula" lilikuwa tusi. Mimi naona dunia haikukosea kumweka Paula juu. Picha zake zinakukamata shingo. Ila mumewe alikuwa miongoni mwa wachache sana waliouona ukubwa wake mapema, na hilo si jambo dogo kwa mwanamume aliyekuwa na jina kubwa kuliko mkewe. Baada ya msiba, mwaka 1908, akahamia Fischerhude.

Novemba ilipofika Oma alivaa koti la kanisani akanipeleka kwenye makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1974 na Christian, mtoto wa mchoraji. Si picha zote nilizozipenda. Nyingine zimelala mno, nyingine ni mto uleule kwa mara ya ishirini. Kilichonishika ni michoro ya jioni, aliyoichora nyumbani kwa taa, mingine haizidi kiganja: watu wadogo, nyumba zenye paa la matete, mwezi. Humo hakukuwa na mtu wa kumsimamia mgongoni.

Tulipotoka ilikuwa saa nane na robo. Mbingu ilikuwa imeshuka kwenye mapaa, na maji ya mto yalikuwa rangi ileile ya chai. Oma hakusema kitu. Alinitazama tu.

Mwaka 1936, alinieleza njiani, jicho moja la mzee Modersohn lilizimika. Hakwenda tena kusimama mtoni. Alichorea ndani, kwa kumbukumbu na michoro yake ya zamani, hadi alipofariki Machi 1943. "Na hukosi kuujua mto," akasema, "ila wakati mwingine aliongeza miti."

Majira yale ya baridi theluji ilifunga barabara za kaskazini nzima, na kwa wiki kadhaa sikufika kwake. Niliporudi kuni zilikuwa zimekwisha na alikuwa anachoma Torf. Wakati wa kuagana, miaka miwili baadaye, alibandua picha ya kalenda ukutani akanipa, na alama ya gundi ikabaki.

Bado ninayo, sandukuni Bukoba. Juzi nilimfungulia mjukuu wangu. Mende wamekula kona nzima ya mbingu. Akaishika karibu na dirisha, akaigeuza, akaniuliza, "Babu, kwa nini huyu mtu alichora usiku?"