Nilijiona nimepona siku ya tatu!

Mwenzenu yalinikuta, na chanzo chake ni kujifanya mjuaji.

Jumamosi moja nilitelemka ufukweni Msasani, pale wavuvi wanaposhusha samaki, mama mkubwa kanituma vibua. Kijana wa mjini nisionekane na kandambili, nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia majini. Hatua ya tatu tu, gamba la chaza likanichana unyayo.

Kidonda chenyewe kidogo, hata cha kumwonyesha mtu hakifai. Jioni nikapita duka la dawa la jirani, nikanunua vidonge vinne vya rangi mbili. Kwa nini vinne? Hela iliyobaki mfukoni ilitosha vinne, basi!

Jumatatu usiku mguu umevimba hadi kifundo hakionekani, ngozi inang'aa na ni ya moto kama pasi. Meno yakaanza kugongana kwa baridi. Nikasema hii malaria.

Mama mkubwa akaniuliza kama kinena kinauma. Kinauma, tena kuna uvimbe.

"Mwanangu, huo mtoki. Malaria haileti mtoki. Vaa twende!"

Hospitali wakapima malaria, hakuna. Daktari akautazama mguu, uso ukabadilika. Akasema bakteria wameingia chini ya ngozi na wanapanda, na wakishaingia kwenye damu hatuzungumzii mguu tena, tunazungumzia uhai. Nikachomwa sindano ya pepopunda, kisha akaandika seftriaksoni, gramu 1 kila siku, siku 7.

Wapenzi wasomaji, mimi sindano naziogopa tangu utotoni. Nikaanza kulegeza mkanda wa suruali, nesi akacheka. "Lete mkono, wewe!"

Kwanza akaniuliza kama nimewahi kudhurika na dawa yoyote, hasa penisilini, maana wapo ambao miili yao huzikataa kabisa dawa za ukoo huu. Akaniwekea kanula. Akachukua kichupa chenye unga, akatia maji ya sindano, akatikisa hadi dawa ikawa ya manjano kwa mbali. Akaisukuma polepole kwa dakika kadhaa, nikausikia ubaridi ukipanda mkononi.

Baadaye nilisoma asili ya dawa hiyo nikachoka. Mwaka 1945, Mtaliano mmoja, Giuseppe Brotzu, alichota maji ya bahari karibu na mdomo wa bomba la majitaka pale Cagliari, kisiwani Sardinia. Humo akakuta kuvu anayeua bakteria, na kutoka kwa kuvu huyo wataalamu wakaja kutengeneza ukoo mzima wa dawa, seftriaksoni ikiwemo. Yaani mimi bahari ilinipa ugonjwa, na dawa nayo chimbuko lake ni baharini!

Siku ya tatu, Alhamisi, homa hakuna, mguu unaingia kwenye kiatu. Nesi akaitoa kanula, akasema, "Kesho tunaweka mkono wa pili."

Kesho yake ilikuwa harusi ya mshikaji wangu Sinza. Nikajiuliza, mtu mzima anayecheza muziki anachomwa sindano ya nini? Ijumaa sikwenda. Jumamosi nikalala hadi mchana. Mama mkubwa akiuliza, najibu nimeshachomwa.

Jumapili alfajiri meno yakagongana tena.

Safari hii ilibidi nipasuliwe unyayo kutoa usaha, na dozi ikaanza upya. Mama mkubwa hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alifungua fundo la khanga, akazihesabu noti zilizokuwa za mtaji wake wa samaki, akamkabidhi karani wa dirishani. Mimi macho chini.

Daktari ndiye aliyenipa darasa. Kumbe unapopata nafuu, bakteria wamepungua tu, hawajaisha. Ukikatiza unawapa nafasi ya kuzaana, na dawa ikitumiwa ovyoovyo, wanaostahimili ndio wanaobaki na kuenea. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini. Ikizoeleka kwa wadudu, mgonjwa mahututi wa kesho atachomwa nini?

Akaongeza kuwa daktari anaweza kufupisha siku, au kukuhamishia kwenye vidonge ukiendelea vizuri. Ila huo ni uamuzi wake akishakupima. Si wako, wala si wa mshikaji mwenye harusi.

Nilimaliza siku zote 7. Kovu ninalo unyayoni, na deni la mama mkubwa nililipa kidogokidogo.

Siku hizi nikitelemka kununua vibua navaa kandambili. Wanaocheka na wacheke!