Moshi Ulipotoka Wodini

Mwaka 1969, msichana wa Mombasa aliyekwenda kusomea uuguzi katika mji mmoja wa viwanda kaskazini mwa Uingereza alipewa kazi yake ya kwanza ya asubuhi: kukusanya visahani vya majivu. Kila kikabati cha kando ya kitanda kilikuwa na chake. Alivipanga kwenye sinia, akavipeleka chumba cha kuoshea vyombo, akamwaga vipisi, akasugua, akavirudisha vikiwa vikavu kabla msimamizi wa wodi, sista, hajaanza kupita. Kikionekana na doa, alirudishwa nacho mbele ya wagonjwa wote.

Sasa ni bibi mwenye wajukuu, amestaafu zamani, na akisimulia hayo vijana wake humcheka.

"Bibi, hospitali gani hiyo?"

"Hospitali ya Serikali, mjukuu wangu. Daktari mwenyewe akivuta."

Hatii chumvi. Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanzishwa mwaka 1948, wanaume wanane kati ya kumi nchini Uingereza walikuwa wakivuta tumbaku. Miaka miwili baadaye watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao wa wagonjwa wa hospitali za London, uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Doll, aliyekuwa mvutaji, aliacha kabla hata kazi haijaisha. Serikali haikuwa na haraka hiyo. Februari 1954 Waziri wa Afya, Iain Macleod, aliwaita waandishi wa habari kuwaeleza kwamba uhusiano huo upo, na muda wote alipokuwa akizungumza alivuta sigara moja baada ya nyingine. Mwaka 1962 Chuo cha Kifalme cha Matabibu kilitoa ripoti kali. Mwaka 1965 matangazo ya sigara yakaondolewa kwenye televisheni. Lakini huko wodini, toroli la akina mama wa kujitolea liliendelea kupita kitanda kwa kitanda na magazeti, peremende na pakiti za sigara.

Bibi anamkumbuka zaidi mgonjwa mmoja, fundi wa kiwandani, aliyefungwa plasta mikono yote miwili. Baada ya chakula cha jioni alikuwa akimwashia sigara na kumshikia mdomoni, akaiondoa, akakung'uta majivu, akairudisha. Kwa dakika hizo muuguzi alijua kila kitu: amekula nini na ameacha nini, kikohozi kimebadilika au la, mkewe hajaja kwa nini. Ukifikiria leo, muuguzi alikuwa akimlisha mgonjwa sumu kwa mkono wake mwenyewe, na palepale akimwangalia kuliko wengi wanavyoangaliwa sasa.

Maana wodi ile ya moshi ilikuwa na nidhamu yake. Vitanda vilipangwa safu mbili, sista akiona mwisho hadi mwisho. Asiyeweza kujigeuza aligeuzwa kila baada ya saa mbili, na jina la aliyemgeuza likaandikwa kitabuni. Kidonda cha kulalia kilikuwa aibu ya wodi nzima. Gilasi ya maji ilikaa mahali mkono wa mgonjwa unapofika, si mahali inapopendeza. Asidhani mtu kwamba ilikuwa pepo: wagonjwa walifichwa ugonjwa wao, na wasichana wengi waliotoka makoloni ya zamani walisukumiwa kozi ya miaka miwili, ambayo cheti chake hakikuwa na thamani kubwa waliporudi makwao.

Moshi uliondoka kidogo kidogo. Kwanza ulihamishiwa sebule ya wagonjwa, iliyokuwa na dari la rangi ya chai. Kisha ukatolewa nje, mlangoni, ambako watu walisimama na magauni ya hospitali wakiburuta vyuma vya dripu. Tarehe 1 Julai 2007 sheria ikapiga marufuku uvutaji katika maeneo ya kazi na ya umma yaliyofunikwa kote England. Scotland ilikuwa imetangulia Machi 2006, na huko watafiti walihesabu wagonjwa walioingia hospitali tisa kwa mshtuko wa moyo na maradhi ya aina hiyo: wakapungua kwa asilimia 17 katika mwaka mmoja. Ni sheria chache za afya zilizolipa upesi hivyo.

Miaka hiyohiyo, kati ya 2005 na 2009, wodi za hospitali ya Stafford, England, zilikuwa zikitenda mambo ambayo sista wa mwaka 1969 asingeyaamini. Uchunguzi ulioongozwa na wakili Robert Francis, ambao ripoti yake ya mwisho ilitoka Februari 2013, ulieleza wagonjwa walioachwa kwenye mashuka machafu, maji yakiwekwa mbali nao na kengele zao zikilia bila kujibiwa. Uongozi ulikuwa ukitaka kubana pauni milioni 10, ukapunguza wafanyakazi, wauguzi wakiwamo.

Hesabu ya madhara ya kupunguza wauguzi ilikuwa imekwishafanywa. Mwaka 2002 mtafiti Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, wakaona kwamba kila mgonjwa wa upasuaji anayeongezwa kwa muuguzi mmoja anaongeza uwezekano wa kifo ndani ya siku 30 kwa asilimia 7. Hata kumsaidia mtu kuacha sigara kunahitaji muuguzi mwenye nafasi ya kuketi naye. Kibao cha "Usivute sigara" cha ukutani hakimuulizi mtu amelalaje.

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi huko. Binti wa mpwa wa bibi ni miongoni mwa waliosafiri miaka hiyo. Alipopiga simu mara ya kwanza, bibi hakuuliza mshahara wala baridi.

"Usiku mnagawana wagonjwa wangapi?"

"Inategemea, bibi. Jana nilikuwa na kumi na wawili."

Mwongozo wa kitaifa wa England wa mwaka 2014 unasema kwamba mchana, muuguzi mmoja akihudumia zaidi ya wagonjwa wanane, hatari inaongezeka. Mwaka uliofuata kazi ya kuandaa miongozo mingine kama huo ilisimamishwa. Wales ilitunga sheria ya idadi ya wauguzi mwaka 2016, Scotland mwaka 2019. Kuhusu sigara, mswada uliofikishwa Bungeni London Novemba 2024 ulilenga kwamba aliyezaliwa tangu Januari 1, 2009 asiuziwe sigara maisha yake yote. Lakini idadi ya wauguzi wa zamu ya usiku, England imeacha kila hospitali ijipangie.