Hatukuinua Zulia la Buti



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, mwaka jana tulinunua gari lililokwishatumika, Hyundai i30, hapa Kigali. Tulikagua injini, tukajaribu breki, tukasoma hati zote. Zulia la buti hatukuliinua. Na sisi ndio tunaosomesha vijana mlango wa biashara na kasoro za bidhaa!

Ikaja siku ya maziko ya mzee aliyetufundisha alifu na be, huko Muhanga. Tumevuka Nyabarongo, tunapanda Ruyenzi, tairi likachanika ubavuni. Chini ya zulia tukakuta pampu ndogo na chupa ya gundi. Gundi ile huziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi. Ubavu uliochanika haiuwezi. Tulifika Muhanga watu wanakung'uta udongo mikononi.

Aliyetuuzia tulimpigia simu. "Mwalimu, hukuuliza," akasema. Kweli hatukuuliza. (Naye hakusema, lakini hilo tumwachie mwenyewe.)

Kutafuta tairi la akiba ndiko kulikotusomesha. Nyabugogo tulipewa rimu ya Toyota Auris: nati 5, zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3 kama zetu. Tukafurahi, tukalipa. Kurudi Nyamirambo, fundi akaijaribu, ikagoma. Akatuonyesha tundu la katikati: la rimu ile ni milimita 60.1, na kitovu cha gari letu ni 67.1. "Mwalimu, hata ukiipiga nyundo haiingii." Tukairudisha, wakatukata kidogo.

Baada ya wiki mbili tukapata rimu ya chuma ya Kia Cee'd, yenye vipimo vyote kama vyetu, na tairi la 205/55R16, namba ile ile iliyoandikwa ubavuni mwa matairi yetu. Fundi hakukubali tuondoke mpaka alifunge mbele, alizungushe kwa mkono, aone haligusi breki. Tulimwona mkaidi, kumbe haki ilikuwa yake. Jeki na spana navyo havikuwemo garini, tukanunua.

Sasa upepo tunaupima kila mwezi, maana tairi lililolala buti hunywea bila mtu kuliona. Mpimaji ni mtoto wetu wa darasa la nne. Wiki iliyopita alikuta limepungua, akatuita kwa sauti iliyomtoa nje hata jirani.