Utajaza Mafuta Wapi?

Wiki iliyopita wamebomoa karakana ya Mzee, nyuma ya Dixie Highway, hapa Shively, Marekani. Asubuhi nilipita ukuta ukiwa umesimama. Jioni palikuwa na kifusi tu. Mpwa wangu alikuwa pembeni yangu garini. Nikamwambia, "Pale ndipo nilipojifunzia kujenga injini." Akatupa jicho mara moja. "Mjomba, siku hizi ni kompyuta tu. Unafunga supachaja, unamtumia mtu faili kwa simu, kazi imekwisha." Sikumjibu. Haya ndiyo majibu yangu.

Nimepekua tarehe kidogo. Shively ilipata hadhi ya mji mwaka 1938, enzi viwanda vya wiski vilipokuwa vimejaa upande huu wa Louisville. Kimoja, Stitzel-Weller, kilifunguliwa 1935. Lakini Shively niliyoikuta mimi ilikuwa harufu kwanza. Asubuhi upepo ukikaa vizuri, unapata mahindi yaliyochacha, kama togwa iliyolala siku tatu, na chini yake kitu kikali ambacho mtoto wa Dar hawezi kukikosea: gongo. Karibu na maghala ya mapipa, kuta za nyumba na magome ya miti vilikuwa vyeusi kama jiko la kuni, maana kuna kuvu inayoishi kwa mvuke wa pombe. Nilikuwa mgeni, na harufu hiyo ndiyo iliyonifanya nijione siko mbali sana na kwetu.

Ukifungua mlango wa karakana, harufu inabadilika: oili ya kukatia chuma, vumbi la mawe ya kusugulia silinda, kahawa iliyoungua. Mzee alikuwa na miaka sabini hivi, mtu wa maneno machache, asiyependa kutajwa, kwa hiyo simtaji. Juu ya rafu alikuwa na bloa moja kubwa ya alumini, 6-71. Aliniambia maana ya namba hiyo kana kwamba ananipa jina la ukoo wake: silinda sita, kila moja inchi za ujazo 71. Ilitengenezwa kusukuma hewa ndani ya injini za dizeli za GM, kisha vijana wa enzi zake wakaitoa kwenye malori na kuipandisha juu ya V8 za petroli. Aliniachia niizungushe kwa mkono. Rota mbili zilipishana bila kugusana, pumzi ya hewa ikanipiga kiganjani. Supachaja yoyote ndiyo hiyo: inailisha injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Kazi inayobaki ni kupata mafuta ya kutosha kulingana na hewa hiyo, na pistoni ya kustahimili kitakachotokea.

Nilimfikia kwa msiba. Nilikuwa na Mustang ya 1993, lita 5.0, nimeifunga supachaja iliyotumika bila kugusa kitu ndani. Wiki tatu iliruka. Kisha siku moja, kwa kubana senti, nikajaza petroli ya oktani 87 badala ya 93, nikaikanyaga kupanda barabara. Nikasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, halafu moshi wa buluu nyuma. Nilidhani ilikuwa 1996. Risiti ya Mzee niliyoihifadhi inasema 1997. Si neno.

Mzee aliitoa pistoni, akaiweka mezani chini ya taa. Ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kipande cha upana wa kucha. "Gari la mwaka gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Mustang za 5.0 za miaka iliyotangulia, hadi 1992, zilitoka na pistoni za kufuliwa. 1993 Ford wakaweka za kusubu zenye silikoni nyingi, ngumu lakini zinazovunjika kama kigae injini ikianza kugonga. Macho hayaoni tofauti. Nyundo ya moto inaiona.

Nilitegemea aniulize nataka nguvu farasi ngapi. Akaniuliza, "Utajaza mafuta wapi?"

Hapo ndipo alipoanzia kila mara, kwenye tanki. Mafuta yanakuambia ubane kiasi gani. Ukishajua hilo ndipo unachagua pistoni. Alipiga hesabu kwa chaki juu ya benchi: kompresheni ya 9, busti ya pauni 8, ni kama injini inayobana karibu mara 14. Akashusha hadi 8.5, pistoni za kufuliwa. Kisha injekta: farasi 400, kila mmoja anakula pauni 0.6 za petroli kwa saa, gawa kwa silinda nane, usizifanyishe kazi zaidi ya asilimia 80. Ikatoka pauni 37.5 kwa saa kwa kila injekta. Zangu zilikuwa za 19. Tukaagiza za 42.

Halafu ringi. Inchi 0.006 za mwanya kwa kila inchi ya upana wa silinda. Silinda ya inchi 4, basi 0.024. Alipiga tupa mara tatu, akapima, akapiga tena mara moja. Ringi ikipata moto hurefuka, na ncha zake zikikutana haina pa kwenda ila kuichana pistoni. Kutwa nzima kwa ringi nane za juu. Injini hiyo ilizunguka miaka kumi na moja.

Miaka iliyofuata ilikimbia. Ford wenyewe walitoa Cobra ya 2003 na supachaja, kompresheni ya 8.5, pistoni za kufuliwa: hesabu ya Mzee ileile. GT500 ya 2020 ikapanda hadi 9.5. Mzee alikuwa ameshatutoka. Na mpwa wangu ana Mustang yenye kompresheni ya 12, anataka kuipiga supachaja hivyohivyo kwa sababu kompyuta itarudisha cheche nyuma ikisikia kugonga. Linaniudhi hilo. Kompyuta inasikia kilichokwisha kutokea.

Kwetu Dar tulijua kuanzia kwenye mafuta bila kompyuta. Kabla ya 2010, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, walipoanza kutia alama mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, fundi wa mtaa wa Gerezani alikuwa akidondosha petroli kwenye karatasi nyeupe. Ikikauka safi, jaza. Ikiacha doa la mafuta ya taa, ondoka sheli hiyo.

Jumamosi mpwa alileta dumu la E85, petroli yenye alkoholi nyingi ya mahindi. Nikachukua bomba la kioo lenye vipimo, nikatia maji hadi alama, nikajaza mafuta, nikatikisa. Maji huvuta alkoholi, na mstari hupanda. Ukatulia kwenye asilimia 70. Nikamweleza kwamba kwa viwango vilivyowekwa alkoholi inaweza kuwa popote kati ya asilimia 51 na 83, hushuka wakati wa baridi, na kwamba injini ikitumia mchanganyiko kama huu inataka mafuta zaidi kwa karibu theluthi kuliko ya petroli. Akalisogeza bomba puani. Mahindi. Harufu ileile ya asubuhi za Shively.

Alilishika muda mrefu, simu ikiwa mfukoni. Kisha akauliza, "Mjomba, na Januari itakuwa ngapi?"

"Januari tutapima tena," nikamwambia.