Herufi ya Kuitia Watu

Kazi ya kupanga herufi za risasi nilijifunzia Gerezani, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Herufi tulizokuwa nazo ni za aina nyingi, ila mzigo wote mzito ulibebwa na Clarendon. Ukishaijua huisahau: nyayo zake nene, zimeungana na shina kwa mkunjo, a, c na r ndogo zina kitone cha mviringo nchani, R kubwa hutanguliza mguu kisha ikaukunja juu. Fundi wetu mkuu, mzee wa Kitanga asiyependa maneno mengi, aliniambia mapema, "Hii si ya kusomea, mwanangu. Hii ni ya kuitia watu."

Nilikuja kujua baadaye kwamba mzee hakukosea. Robert Besley, wa kiwanda cha Fann Street, London, aliisajili mwaka 1845. Aliyeichonga ni Benjamin Fox. Ilikusudiwa iwe nzito kuliko herufi za kawaida na bado ikae nazo mstari mmoja, kama neno linaloelezwa katika kamusi. Sheria ilimlinda Besley miaka 3 tu. Ilipokwisha, wenzake wakainakili bila haya.

Sisi tuliitumia kwa mabango ya taarabu, mechi, minada na vichwa vya stakabadhi. Karatasi zetu zilikuwa duni, zinanyonya wino. Bodoni, yenye mistari kama uzi, ilikatikakatika. Clarendon ina nyama hata pale ilipo nyembamba, ikatoka safi.

Shida ilikuwa A. Seti zilitoka Uingereza, zimehesabiwa kwa ajili ya Kiingereza: E tele, A na K za kubahatisha. Sasa panga MKUTANO WA HADHARA VIWANJA VYA MNAZI MMOJA. Hapo zimekwenda A 10, na E haijaguswa hata moja, na tarehe bado! Mteja mmoja, kiongozi wa timu ya mtaani, alipoambiwa A zimekwisha alidhani anaombwa chai. Ikabidi avutwe mpaka kwenye kasha aone mwenyewe kisanduku kitupu. Mstari uliofuata tukaupanga kwa herufi nyingine kabisa. Leo wasanifu wanayasifu mabango ya zamani kwa ustadi wa kuchanganya herufi. Pale kwetu, nusu ya ustadi huo ilikuwa uhaba wa A.

Kompyuta imeondoa uhaba, imeleta uchu. Napokea kadi za arusi zilizokolezwa kuanzia salamu mpaka namba ya simu, na Clarendon ikijazwa ukurasa mzima huchosha macho kabla ya aya ya pili. Vijana wangu, nawaombeni: kolezeni majina ya maharusi na tarehe. Ukumbi na ratiba viacheni viwe vyepesi, wageni watavisoma.