Masomo sita ya gofu, kilomita 370 kutoka kwa mwalimu

Hapa Garissa leo saa nane mchana kipimajoto kinasoma digrii 37 na feni inazungusha hewa ya moto tu. Niliahidi kuendelea na ile hadithi ya seva na hifadhidata, lakini itasubiri kidogo. Leo naweka kibodi kando niwaandikie juu ya gofu.

Najua mtacheka. Garissa na gofu wapi na wapi? Hapa tuna ngamia, mbuzi, mto Tana na wale korongo wakubwa wenye vipara wanaosimama juu ya miti kama wazee wa baraza. Nyasi za kijani zilizokatwa sawasawa ni jambo la kwenye televisheni.

Sababu yangu ni ya kikazi. Ninaandika programu nikiwa nyumbani hapa, kwa ajili ya kampuni moja ya Nairobi. Wenzangu wa huko hucheza gofu kila baada ya miezi miwili, na mambo mengi ya kazi huzungumzwa kati ya shimo la kwanza na la tisa: mteja gani anakuja, mradi upi unaanza, nani apewe. Mimi nilikuwa nikisoma matokeo Jumatatu kwenye barua pepe. Nikaamua nami niwepo. Januari 2024 nikalipia masomo sita kwa mwalimu mmoja jijini.

Sasa tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370 kupitia Bangale, Ukasi, Mwingi na Thika. Kwa basi ni saa sita hivi, pamoja na kushuka kwa ukaguzi wa vitambulisho. (Askari mmoja aliniambia nifungue mfuko wa fimbo. Alipoona kilichomo tulicheka wote wawili.) Nauli, ada ya somo, mipira na chakula ni karibu shilingi 6,000 kila safari. Somo lenyewe ni saa moja. Yaani masomo sita ni saa 6 za kufundishwa, saa 72 za kukaa kwenye basi, na shilingi 36,000 mfukoni.

Mtu wa Nairobi akisahau alichofundishwa Jumamosi, anaweza kurudi Jumanne. Mimi nikisahau, nimepoteza mwezi. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi la kwanza nilikaa chini nikajiuliza: saa moja ya mwalimu nitaifanyaje idumu wiki tatu au nne mchangani Garissa? Haya ndiyo niliyoyafanya. Anayejifunza gofu, kuogelea, kuendesha gari au hata kuandika programu anaweza kuchukua yanayomfaa.

1. Peleka ripoti, usipeleke malalamiko.

Mliowahi kuhudumia watumiaji wa programu mnaijua ile simu ya "haifanyi kazi". Haisaidii. Ripoti nzuri ya hitilafu inasema ulifanya nini, ulitarajia nini na kilitokea nini. Kwa mwalimu ni hivyo hivyo. "Mpira unaenda kulia" si ripoti. Mimi nilifika somo la pili na karatasi: mipira 40 kwa fimbo namba 7, mipira 26 ilianza kushoto kisha ikapinda kulia. Mwalimu aliisoma, akatazama mapigo matatu tu, akajua pa kushika. Dakika 20 ambazo angetumia kunichunguza tukazitumia kurekebisha.

Faida yake inatokana na jinsi mpira unavyoruka. Kwa sehemu kubwa, mpira huanza kuelekea pale uso wa fimbo ulipotazama wakati wa kugusana. Kisha hupinda kwa sababu uso na njia ya fimbo havikuelekea mahali pamoja. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kwamba njia ya fimbo ndiyo inayoamua mpira uanze wapi. Vipimo vya rada, kama vile vya TrackMan, kampuni iliyoanzishwa Denmark mwaka 2003, vimesaidia kulinyoosha jambo hilo. Kwa hiyo ukiandika mpira ulianzia wapi na ukapindia wapi, tayari umempa mwalimu nusu ya jibu.

2. Kila somo, jambo moja na kipimo chake.

Mwalimu mzuri anaona makosa kumi, na akiwa mkarimu atakuambia yote kumi. Mwombe moja. Kisha muulize swali ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko yote: "Nikiwa peke yangu, nitajuaje kwamba nimepatia?"

Mara ya kwanza mwalimu alinyamaza kidogo. Wanafunzi wengi humuuliza wafanye nini. Wanaouliza watajipimaje ni wachache. Lakini alifikiri, akanipa kipimo, na tangu siku hiyo kila somo lilimalizika na kipimo. Dakika tano za mwisho hatukupiga mpira. Nilimweleza kwa maneno yangu nilichoelewa, simu ikirekodi, naye akinisahihisha. Kisha kwenye basi, kabla hatujafika Mwingi, nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja. Ukingoja kesho, unaandika unachokisia.

3. Mchanga ni logi.

Hapa ndipo Garissa ilinishangaza. Kwenye viwanja vya mazoezi vya mjini mara nyingi unapiga juu ya zulia la plastiki. Zulia lina huruma mno: fimbo ikitua sentimita tano nyuma ya mpira, inateleza mbele na kuugusa, mpira unaruka, nawe unaondoka ukiwa na furaha. Mchanga hauna mambo hayo. Ukigonga nyuma, alama inabaki pale pale inakutazama.

Kipimo changu cha kwanza kilikuwa hiki. Tafuta mahali penye mchanga ulioshikana, si ule laini wa kuzama. Mwagia maji kidogo. Chora mstari mrefu, simama kana kwamba mpira uko juu ya mstari, zungusha fimbo mara kumi ukisogea hatua moja kila mara, bila mpira wowote. Kila alama inapaswa kuanzia kwenye mstari au sentimita chache mbele yake. Wiki ya kwanza alama saba kati ya kumi zilianzia nyuma. Baada ya wiki tatu zilibaki mbili. Kila jioni nilipiga picha ya mstari na kuiweka kwenye faili yenye tarehe.

Nilikuwa nikifanya hivyo baada ya Alasiri, jua likipungua makali. Mzee mmoja wa jirani alisimama na fimbo yake ya kuchungia akaniuliza, "Waryaa, umepoteza nini mchangani?" Nikamwambia, "Adeer, najifunza mchezo." Hakuridhika. Lakini wiki iliyofuata alikuwa anasimama mwisho wa mstari akinisomea: ya tatu nzuri, ya nne nzuri, ya tano imerudi nyuma. Hakuwahi kugusa mpira wa gofu maishani, na alikuwa mkaguzi wangu bora, kwa sababu kipimo kilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho. Kipimo kikihitaji mtaalamu ili kisomeke, mwombe mwalimu kingine.

Na mkidhani gofu ya mchangani ni kituko cha kwetu tu, waulizeni ndugu zenu walioishi Ghuba siku nyingi. Kabla ya Emirates Golf Club kufunguliwa Dubai mwaka 1988 na nyasi zake, watu walicheza jangwani. Pale penye shimo palikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta ili utulie, na mchezaji alitembea na kipande cha nyasi bandia cha kuwekea mpira.

4. Ijue simu yako inaona nini na haioni nini.

Simu nyingi siku hizi hurekodi fremu 240 kwa sekunde. Ni nzuri kwa kuona mabega, mikono na miguu. Lakini fremu moja hadi nyingine ni kama milisekunde 4, wakati fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu milisekunde. Kugusana kwenyewe hutakuona. Badala yake paka poda ya watoto kwenye uso wa fimbo, piga, kisha tazama alama ya mpira imeangukia wapi. Poda ya shilingi 100 ilinieleza kitu ambacho kamera ya simu haikuweza.

5. Mipira michache, na changanya.

Nilikuwa na mipira 12 tu, nimeipaka rangi ya chungwa ionekane. Nikiimaliza, naenda kuiokota (baada ya kuhakikisha hakuna mtu wala mbuzi upande ule). Ile safari ya kuokota ni mapumziko ya kufikiri, kitu ambacho mtu mwenye ndoo ya mipira 50 mbele yake hajipi.

Tena usipige fimbo moja mfululizo siku zote. Ukishapata umbo la jambo jipya, changanya: namba 7, kisha weji, kisha namba 5, na kila pigo na shabaha yake. Mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan walionyesha kwamba watu waliofanya mazoezi ya vitendo mbalimbali kwa mchanganyiko walionekana dhaifu wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa baadaye walikumbuka vizuri kuliko waliorudia kitendo kimoja kimoja. Uwanjani siku ya mchezo hakuna atakayekuruhusu kupiga namba 7 mara ishirini.

6. Usilinganishe umbali.

Kompyuta ya majaribio na seva ya kazi si mazingira mamoja, sote tunalijua hilo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Garissa takriban mita 150. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 hata ukihesabu joto letu, hivyo pigo lile lile huenda mbali zaidi kule. Nyumbani nilipima alama na mwelekeo tu. Umbali niliuacha Nairobi.

Mwezi wa Ramadhani, Machi hadi mapema Aprili, nilipunguza mazoezi yakawa dakika kumi kabla ya futari: mstari mmoja, alama kumi, basi. Kisha mwishoni mwa Aprili mto Tana ukafurika. Barabara kati ya Garissa na Madogo ikawa maji, mabasi yakasimama. Watu walipoteza nyumba, na wengine walizama wakijaribu kuvuka kwa mashua, kwa hiyo gofu haikuwa jambo la kulilia. Somo la nne lililopangwa Aprili likaja kufanyika Juni, karibu miezi mitatu baada ya la tatu. Mwalimu alitazama mapigo kumi, akauliza kama nilikuwa na mwalimu mwingine huku. Nikamwonyesha picha za mistari. Tukaendelea na somo la nne bila kurudia la tatu.

Agosti nilicheza mashimo tisa na wenzangu. Mapigo 61, pale ambapo par ni 36. Sikumshinda mtu. Lakini kwenye shimo la saba nilisikia habari za mradi mmoja, nikauomba pale pale, nikaupata.

Kwa nini nimewaandikia haya yote kwenye blogu ya teknolojia? Kwa sababu Kaskazini Mashariki mwalimu aliye mbali si tatizo la wacheza gofu. Tarehe 2 Aprili 2015 shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa liliua watu 148, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baadaye mwaka huo TSC ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Shule nyingi zilibaki na watoto na ubao. Kila Jumamosi nakaa na vijana waliomaliza kidato cha nne, nawafundisha kuandika programu. Wako tisa, na mimi ni mmoja, saa mbili kwa wiki.

Zamani nilimaliza kipindi kwa kuwapa zoezi. Siku hizi namaliza kwa kuwapa kipimo: programu yako ikipokea hiki, lazima itoe kile, na ukipata tofauti jua kosa liko kwako, endelea kutafuta. Jumapili hadi Ijumaa hawanihitaji kujua kama wamepatia. Wanakuja Jumamosi na ripoti. Wawili kati yao wanaandika ripoti nzuri kuliko zangu za gofu, na mmoja ameanza kuwasaidia wadogo zake nyumbani kwa mtindo huo huo.

Kuna mwalimu bora kuliko vipimo vyote hivi, naye ni yule aliyeko darasani kila asubuhi. Hatuachi kumdai. Lakini wakati tunamngoja, aliyepata saa moja ya mwalimu asirudi nyumbani na kumbukumbu peke yake. Arudi na mstari wa kuchora mchangani.

Haya, kwa leo naishia hapo. Umeme ukikubali, safari ijayo tunarudi kwenye seva. Na kama uko Garissa na una mipira ya zamani ya gofu inakusumbua nyumbani, usiitupe. Yangu imebaki tisa, mitatu nadhani imeliwa na mbuzi :-)