Fasi Gani?

Sisi ni wanne, na kila mmoja huitwa kwa jina la anakotoka. Yupo Himbi, wa mjini Goma, yupo Tabora, yupo Likoni, wa Mombasa, na mimi ni Nyamyumba. Usiku tunacheza PUBG Mobile, kikosi kimoja kati ya watu mia wanaorushwa kwa miavuli kisiwani, na muda wote wa mchezo tunazungumza kupitia Discord, hedifoni masikioni. Tulikutana humo humo mchezoni. Mtu mmoja alilalamika kwa Kiswahili kwamba ameachwa peke yake, na wengine watatu tukamjibu kwa pamoja. Mpaka leo hatujawahi kukaa wote wanne mahali pamoja.

Niseme kidogo kuhusu hedifoni, maana wengi chuoni hununua zisizo na waya halafu wakalalamika. Hedifoni za Bluetooth husikika vizuri sana kwa muziki, lakini ukifungua kipaza sauti chake, simu hubadili njia ya mawasiliano ili sauti iweze kwenda na kurudi, na ubora hushuka papo hapo. Mchezo wote husikika kama redio iliyotumbukia kisimani. Tena sauti huchelewa. Unasikia mlio wa bunduki ukiwa umeshakufa. Mimi natumia za waya, nilizonunua mjini kwa faranga elfu mbili, na upande wa kushoto nimeufunga kwa utepe. Kipaza sauti chake kinachukua kila kitu: jogoo wa jirani, mvua juu ya mabati, mama akiniita. Wenzangu wanayajua maneno ya Kinyarwanda ya kuitwa mezani kuliko maneno mengine yote ya lugha yangu.

Katika mchezo huu, aliyemwona adui lazima awaambie wenzake alipo, na ana sekunde mbili hivi za kufanya hivyo. Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapoachana. Likoni huita, "Watatu hao, paani!" Tabora husema, "Kuna watu watatu juu ya paa," sentensi kamili kama ya taarifa ya habari, na mara nyingi hupigwa risasi kabla ya kuimaliza. Himbi yeye hupiga kelele, "Batu batatu, yulu ya nyumba!" Siku za mwanzo Likoni alipomwita mtu aende alipo, alisema, "Ndoo huku!", kwa kuwa Kimvita kina "nd" pale Kiswahili Sanifu kina "nj". Tabora akatuuliza ndoo ya nini. Himbi kwa jambo hilo hilo husema "kuya". Maneno matatu kwa tendo moja, na adui anakaribia.

Mimi namwelewa Himbi haraka kuliko wote. Mama yangu ameuza karoti na vitunguu Goma tangu nikiwa mdogo, akivuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, na Kiswahili alichokileta nyumbani ni hicho hicho cha "bintu" na "batu". Tena Kinyarwanda kinanisaidia. Sisi tunasema abantu batatu, tunasema ibintu. Mtu wa Rubavu akisikia "batu batatu" hahitaji kutafsiri; anasikia kama lugha yake imevaa shati la jirani. Nilipofika chuoni nikaambiwa ni watu, ni vitu, na kwamba "bintu" ni athari ya lugha ya kwanza inayopaswa kuondolewa. Nimeiondoa. Kwenye karatasi ya mtihani sijaiandika hata mara moja, na alama zangu za sarufi ni nzuri. Lakini jambo hili linanisumbua, na nimeamua kulisema mbele ya walimu wangu wanaosoma mkusanyiko huu, kwa heshima yote.

Kiswahili Sanifu tunachofundishwa kilijengwa juu ya Kiunguja. Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, nchi nne zilizokuwa chini ya Uingereza. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji, na Ruanda-Urundi pia. Kwa hiyo Kiswahili cha mama yangu hakikuwahi kushindwa katika kikao hicho, hakikuwepo. Bunge la Rwanda lilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, walioshangilia kwetu walikuwa watu waliokuwa wakikizungumza sokoni kila siku, na wengi wao hadi leo hudhani kwamba wao hawakijui. Mama ni mmoja wao. Hunisikia nikisoma kwa sauti na kusema kwamba mimi ndiye ninayejua Kiswahili, yeye anajua cha kuuzia vitunguu tu.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilifika Goma. Makombora na risasi vilianguka hata upande wetu, katika mji wa Rubavu, na watu walikufa. Huku Nyamyumba tulisikia milio kupitia ziwani, na mama hakwenda popote. Goma umeme na intaneti vilikatika. Kwenye Discord kila mtu ana alama yake ndogo, na inapowaka kijani unajua yupo. Ya Himbi ilikuwa kijivu. Sisi watatu tuliendelea kuingia kila usiku katika chumba chetu cha sauti bila kucheza. Likoni alikuwa akiniuliza habari kana kwamba mimi naona kutoka dirishani, na mimi nilichokuwa nacho kilikuwa kile alichosikia yeye redioni. Tabora alikaa kimya, tukasikia feni ya chumbani kwake.

Himbi alirudi baada ya siku nyingi, sikuzihesabu vizuri. Hakusimulia, na hatukumuuliza. Alisema tu, "Miko," yaani nipo. Usiku uliofuata alitaka kucheza. Mimi niliona ni ajabu, mtu aliyetoka kusikia bunduki za kweli kutaka bunduki za simu, lakini akatueleza masharti yake. Ataweka hedifoni sikio moja tu, lile jingine abaki nalo kwa ajili ya nje. Na ndani ya mchezo amezima milio yote. Hasikii risasi, hasikii gari, hasikii hatua za mtu akipanda ngazi. Anasikia sauti zetu basi.

Anayeucheza mchezo huu anajua maana yake. Bila hatua za adui wewe ni kipofu wa nyuma. Tangu usiku ule sisi ndio masikio yake, na kila sentensi yetu lazima imfikie mara moja, bila kupitia tafsiri. Swali lake ni moja, "Fasi gani?", yaani mahali gani, na jibu lina sekunde mbili. Nilianza kumjibu kwa Kiswahili cha mama. "Yulu, kushoto." "Mu nyumba, batu babili." Likoni akafuata baada ya wiki moja hivi, na lafudhi yake ya pwani juu ya maneno hayo huchekesha hata Himbi mwenyewe. Mama alinisikia usiku mmoja, akasimama mlangoni na taa mkononi, akauliza nazungumza na nani wa Goma.

Tabora bado anakataa kusema "yulu". Anadai kwamba akianza tu, siku moja litamtoka darasani, naye anasomea ualimu. Tumekubaliana naye kwa masharti: asema "juu", lakini aache ile "kuna" ya mwanzo, na aseme kabla hajapigwa.